Gari Lililolalia Upande wa Dereva

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na ndicho kilichoniponza. Kwa miaka ishirini na miwili nimesimama mbele ya watoto wa Lodwar nikiwaeleza jinsi springi inavyovutika kulingana na uzito unaoning'inizwa chini yake. Nimezichora ubaoni, nimezitundika maabarani, nimezipima kwa rula mbele ya macho yao. Kwa hiyo sanduku la springi mpya za gari langu lilipofika kwa basi kutoka Nairobi, springi nne nene zilizojiviringa, ndefu kuliko zile za zamani, sikuona sababu ya kumtafuta fundi. Nilimwambia hivyo Kiprop, mwenye gereji karibu na stendi, tena mbele ya wafanyakazi wake.

"Mambo ya springi ni fizikia tu, Kiprop. Wewe endelea na kubadilisha oili."

Kiprop alicheka, akafuta mikono. "Sawa, Mwalimu Levis. Tuko hapa, hatuhami."

Nilitaka kuliinua gari kwa sababu moja tu, nayo ni mama mkwe wangu. Mke wangu Nabei kwao ni Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, na mama yake amekaa huko miaka sita haoni. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ugonjwa wenyewe unatibika kwa dakika chache, ila madaktari wanaoutibu hufika Lodwar kwa wiki moja wanapopata nafasi, kisha hutokomea. Miaka miwili iliyopita tulikwenda kumchukua. Kabla ya kutoka Namoruputh kuna laga, mto mkavu wenye mawe makubwa katikati, na gari langu likakalia jiwe moja kwa tumbo, magurudumu yakizunguka hewani. Mama alikaa ndani ya gari hilo tangu asubuhi mpaka saa kumi, hajui aliko, anasikia tu chuma kikikwaruza na mkwewe akitukana kwa Kiluhya. Jioni ndugu zake walimrudisha nyumbani kwa punda. Madaktari wakaondoka kesho yake, na mwaka uliofuata hawakuja kabisa.

"Gari la mume wako linatambaa," alimwambia Nabei. "Sitaliingia tena."

Agosti hii madaktari walirudi. Siku yao ya mwisho ya upasuaji ilikuwa Ijumaa. Nabei alimbembeleza mama yake kwa simu ya kaka yake, Lochakapong, siku tatu mfululizo, mpaka bibi akakubali, lakini kwa sharti: mara moja tu. Gari likikwama tena, asiulizwe tena habari ya macho mpaka anaingia kaburini. Nabei alipokata simu aliniangalia kwa namna ambayo mwanamume aliyeoa miaka kumi na tisa anaielewa bila maelezo.

Basi Jumanne asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, nikaanza kazi uani kwangu. Nilikuwa na jeki, spana, matofali ya saruji ya kuegemeza, na simu yenye video ya bwana mmoja mwenye ndevu, ambaye karakana yake ilikuwa safi kuliko maabara yetu. Nilimfuata hatua kwa hatua. Alipofungua nati, nami nikafungua. Alipoeleza kwamba springi mbili za mbele hazilingani, kwamba moja ni ndefu kidogo kwa makusudi na hiyo huenda kushoto, nikazipima zangu, nikakuta kweli moja imeizidi nyingine vidole viwili, nikaiweka kushoto. Kazi iliyomchukua yeye dakika ishirini na mbili ilinichukua saa kumi. Mikono ilichubuka, jua la Lodwar likanipiga mpaka nikaona nyota mchana, lakini kufikia saa kumi na moja gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake manne, refu, zuri, na mimi nimesimama kando yake kifua mbele.

Nabei alitoka na kikombe cha chai. Akaliangalia gari. Akalizunguka. Kisha badala ya kunipa chai akaiweka juu ya boneti, akarudi nyuma hatua mbili. Chai ilikuwa imejaa upande mmoja wa kikombe hadi ukingoni, upande wa pili imebaki nusu.

"Baba Ekai," akasema, "hii gari imelala."

"Uwanja ndio umelala," nikamjibu.

Tukalisukuma hadi barabarani. Likalala vilevile. Nikasema ni upepo wa magurudumu, nikapima, upepo ulikuwa sawa. Nikasema springi mpya lazima zizoee. Nabei aliinywa chai yangu yote, akaingia ndani. Gari lilikuwa limeinamia kulia, upande wangu wa dereva, kama mtu anayesikiliza umbea mlangoni.

Sasa mtu mwenye akili angekwenda kwa Kiprop usiku uleule. Mimi nilikaa kitandani nikiona sura ya Kiprop akicheka mbele ya wafanyakazi wake, nikaona ni heri nilipeleke gari popote duniani isipokuwa pale. Nikampigia Malith, mwalimu mwenzangu anayefundisha hesabu katika shule moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Malith hakuuliza maswali mengi. "Nenda kwa Nyachuol," akasema. "Kakuma One, uliza boma ya mama wa magari. Hapo hata mtoto anakuonyesha."

Kwa hiyo Jumatano alfajiri tukaondoka, mimi na Nabei, kilomita mia na ishirini za lami. Gari likienda limeegemea upande, na kila gari tulilopishana nalo dereva alinionyesha kwa kidole kwamba nina pancha. Nabei aliwapungia mkono wote, kwa furaha kabisa. Nilikuwa nimeshika usukani nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Boma la Nyachuol lilizungushiwa miiba, na ndani yake palikuwa na kivuli cha turubai kuukuu juu ya nguzo sita. Kitu cha kwanza nilichokiona ni bati lililosimamishwa wima. Juu ya bati alikuwa amechora kwa mkaa umbo la kila chombo chake, na kila chombo kilining'inia juu ya umbo lake, hata bisibisi ndogo kabisa. Pengo lilikuwa moja tu, na chombo cha pengo hilo kilikuwa mkononi mwake. Mwalimu anayedai vifaa vya maabara kila muhula na kila muhula anavipata vimepungua, akiona kitu kama hicho moyo unamlainika hata kama hataki.

Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, labda wa miaka thelathini na tano, ndani ya ovaroli iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu. Alilitazama gari kabla ya kututazama sisi.

"Ejok?" akamsalimu Nabei, kwa Kiturkana.

"Ejok noi," Nabei akajibu, akafurahi papo hapo.

"Na wewe, ustaz, karibu." Malith alikuwa ameshamwambia mimi ni mwalimu, na kwa Kiarabu cha Juba ndivyo anavyoitwa mwalimu. "Umetoka na hii gari Lodwar hivi hivi?"

"Hivi hivi," nikasema. "Nadhani springi moja ina kasoro ya kiwanda."

Alifungua mlango wa dereva, akapanda, akakaa. Akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, akafumba macho. Alikaa hivyo muda ambao mimi niliuona mrefu kupita kiasi. Nilimkonyeza Nabei, Nabei akanikazia macho ninyamaze.

Aliposhuka aliuliza swali moja. "Nani alikufundisha kuweka?"

Nikampa simu. Akaitazama video akiwa amechuchumaa, akaiharakisha kwa kidole, akaisimamisha mwanzoni kabisa, pale yule bwana mwenye ndevu anapolileta gari lake ndani ya karakana. Akanirudishia simu.

"Huyu mtu anakaa wapi?"

"Amerika, nadhani."

"Hapana, ustaz. Ndani ya gari. Anakaa wapi ndani ya gari?"

Nikatazama. Bwana mwenye ndevu alikuwa ameketi kushoto. Usukani wake ulikuwa kushoto. Kwao magari yote ni hivyo, na mimi nilijua, kila mtu anajua, nilitazama video ile mara nne na sikuona.

"Hii ndefu," Nyachuol akasema, akigonga springi kwa ncha ya spana, "ni ya kubeba dereva. Na usukani, na chuma zote za usukani. Kwao dereva iko kushoto. Kwenu Kenya dereva iko kulia. Wewe umempa dereva ile fupi."

Nimefundisha uzito maisha yangu yote, na nilikuwa nimesahau uzito wangu mwenyewe nikiwa nimeukalia. Nabei aligeuka akatazama miiba ya boma, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Usione haya," Nyachuol akasema. "Mimi nilifanya hiyo zaidi yako."

Akatusimulia huku akianza kulegeza nati. Ufundi alifundishwa na mjomba wake, Chuol, aliyekuwa akitengeneza magari Juba, na Juba usukani uko kushoto. Alipofika Kakuma, miaka kumi na mmoja iliyopita, gari la kwanza alilopewa lilikuwa la pasta mmoja wa kanisa lao, springi za mbele. Mikono yake ikaziweka kama ilivyozoea. Pasta akaliendesha limelala mwezi mzima, akienda kwenye mazishi na ubatizo, na hakumwambia, kwa sababu alijua ndiyo kazi yake ya kwanza na hakutaka kumvunja moyo. Nyachuol alikuja kusikia kwa watu wengine.

"Nililia, ustaz. Si ya kukosea. Ya vile yeye alinyamaza. Tangu hiyo siku, gari ikija hapa, sishiki nati mpaka nikae pahali dereva anakaa. Nataka mwili yangu ijue kwanza."

Nilikumbuka nilivyomkonyeza mke wangu.

Tangu hapo nilitazama kazi, na sijawahi kutazama kazi kwa raha kama ile. Kwanza alizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, mbele na nyuma. Alipoona matofali ya saruji niliyokuja nayo alilichukua moja, akaligonga kwa nyundo mara moja, likapasuka vipande vitatu. "Bloku inapasuka bila kusema," akaniambia. "Jana ulilala chini ya hii?" Nilikuwa nimelala chini ya hiyo saa nzima. Nabei aliacha kucheka. Nyachuol akaviringisha magogo mawili ya mti mgumu, yaliyokatwa sawasawa kwa msumeno, akayaweka chini ya fremu ya gari, akalitikisa gari kwa bega lake mara tatu ndipo akaingia chini yake.

Hakuharakisha, na hakurudia kitu mara mbili. Kila nati iliyotoka iliingia katika kopo lake, na makopo yalipangwa chini kufuata nafasi ya nati garini, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Aliposhusha ekseli ya mbele, chuma kinachounganisha magurudumu mawili, ili springi ilegee na kutoka, alikuwa na mkono mmoja kwenye jeki na mwingine ukipapasa kitu ndani, mahali nisipopaona. Ghafla akasimamisha jeki.

"Ustaz. Kuja uone."

Nikalala kifudifudi kando yake. Alikuwa ameshika paipu ya breki, ule mpira mweusi unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Ulikuwa umenyooka wima, umekazika kama kamba ya kuanikia nguo. Akaudunda kwa ukucha, ukalia.

"Springi imekuwa ndefu, gurudumu inashuka chini zaidi," akasema. "Lakini hii paipu imebaki ile ya zamani. Kwa lami haina shida. Ukiingia kwa shimo, gurudumu ikining'inia, inavutika hivi. Mara ya kwanza inavumilia. Mara ya pili labda. Halafu inakatika, na wewe unakanyaga breki, na breki hakuna."

Nikawaza ile laga ya Namoruputh. Kabla ya mawe kuna mteremko mkali, na katikati ya mteremko kuna shimo lisilokwepeka. Nikamwona bibi asiyeona, ameketi kiti cha nyuma, anatuamini kwa mara ya mwisho. Nilitoka chini ya gari nikakaa mchangani.

"Bwana wa video hakusema," nikasema.

"Labda yeye alibadilisha na hakuonyesha. Watu wa video wanaonyesha ile inapendeza."

Paipu ndefu ilipatikana Nairobi, na Nairobi ilikuwa siku tatu. Sisi tulikuwa na siku moja. Nilimweleza habari yote, mama mkwe, laga, punda, Ijumaa. Alisikiliza huku akitazama paipu, wala si mimi. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mguu wa kitanda cha chuma.

Alipima kwa vidole, akaweka alama kwa mkaa. Akakata kipande cha urefu wa kiganja kwa msumeno wa mkono, akakipinda kwenye jiwe kwa nyundo, akakitoboa matundu mawili kwa keke ya kuzungusha kwa mkono. Alifanya hivyo mara mbili, kwa upande wa kushoto na wa kulia, na vile vipande viwili alivisugua kingo kwa tupa mpaka akaweza kuvipitisha juu ya shavu lake. "Kama inakata mimi, itakata paipu," akaeleza. Kisha akafungua mahali paipu iliposhikiliwa kwenye fremu, akakifunga kile kipande katikati, na kishikilio chote kikashuka. Akaning'iniza gurudumu chini kabisa, mpaka mwisho wa uwezo wake. Paipu ikabaki imelegea, ina mpindo mzuri. Akageuza usukani kulia kabisa, kushoto kabisa, akachungulia kila mara kama inagusa kitu. Haikugusa.

Nina shahada ya fizikia ya chuo kikuu. Kama ningepewa tatizo lile kwenye karatasi ningelitatua, naapa. Lakini nisingeliona. Mwanamke yule alikuwa ameona tatizo ambalo halijatokea, ndani ya gari ambalo si lake, katika barabara ambayo hajawahi kuipita wala haruhusiwi kuipita bila kibali. Kuna watu wanaheshimiwa Lodwar kwa kutumia magari makubwa. Mimi siku ile nilimheshimu mtu kwa kipande cha kitanda.

Ilipofika zamu ya springi ndefu kuingia upande wa kulia ikagoma, ikabaki imezidi kwa unene wa kidole. Akaniangalia kuanzia juu hadi chini.

"Ustaz, kilo ngapi?"

"Tisini na mbili."

"Mzuri sana. Panda hapa." Akanisimamisha juu ya ngoma ya gurudumu, pale tairi lilipotolewa, upande uleule wa kulia, nimeshikilia boneti. "Mama, na wewe kama unaweza."

Nabei akapanda nyuma yangu, akanikumbatia kiuno asianguke. Ekseli ikashuka, springi ikateleza mahali pake, Nyachuol akaizungusha kwa viganja mpaka ncha yake ikakaa kwenye kitako chake. Hivyo ndivyo mwalimu wa fizikia alivyotumika siku hiyo, kama uzito, na ninakiri ndiyo kazi pekee niliyoifanya bila kosa.

Saa tisa gari lilishuka chini. Nabei aliomba kikombe cha maji, akakiweka juu ya boneti. Maji yalitulia sawa pande zote. Malipo tulikubaliana bila kuvutana, na tulipokuwa tukiondoka Nyachuol aliinama kwenye dirisha langu.

"Ukifika kwa ile shimo, kanyaga breki polepole, usiogope. Halafu unipigie simu. Nataka kujua."

Alhamisi tulifika Namoruputh saa nne; wakati wa kwenda mteremko wa laga tuliupanda, kwa hiyo breki ilikuwa haijajaribiwa bado. Bibi alikuwa ameketi tayari, amevaa shanga zake zote, fimbo mkononi, uso umefungwa kama mtu anayekwenda mahakamani. Gari sasa lilikuwa refu kiasi kwamba Lochakapong alilazimika kumbeba mama yake na kumpandisha kama mtoto, naye akalalamika kwamba zamani gari lilitambaa na sasa limekuwa ngamia. Tukaondoka. Nilisikia pumzi yake nyuma yangu, fupi fupi, na Nabei akimwimbia kwa sauti ya chini.

Kwenye mteremko wa laga gurudumu la mbele la kulia lilianguka ndani ya lile shimo, kama lilivyopaswa, likaning'inia. Gari lote likaelekea mbele. Nikakanyaga breki polepole, jasho likiniingia machoni. Breki ikashika. Gari likasimama pale kwenye mteremko, limetulia, huku mguu wa kitanda cha Kakuma umeshikilia roho zetu tatu. Nikaachia kidogo, nikashika, nikaachia, tukateremka. Kisha yakaja mawe. Yalipita chini yetu moja baada ya jingine na hatukusikia chochote isipokuwa mchanga.

Tulikuwa tumeshaenda mbali upande wa pili bibi alipouliza kitu. Nabei alimjibu kisha akanitafsiria, sauti yake si ya kawaida. "Anauliza mawe iko wapi. Nimemwambia tumeyapita."

Bibi akaiachia fimbo, akasinzia mpaka tukafika Lodwar.

Walimpasua Ijumaa asubuhi, jicho la kulia tu; la kushoto litasubiri madaktari wakirudi. Jumamosi muuguzi akaondoa bandeji. Bibi alikaa amefumba macho kwa muda, kama anayekataa kuamka, kisha akafumbua. Alimtazama Nabei, akamshika kidevu, akamgeuza uso kuelekea dirishani, akamkagua kila sehemu ya uso. Hakulia. Sisi ndio tuliolia. Halafu akanitazama mimi, akanitazama sana, akasema maneno ambayo niliyaelewa bila mkalimani.

"Kumbe umezeeka. Na mimi sikuwepo."

Nilitoka nje kwenye ukumbi, nikampigia Nyachuol kabla sijafuta uso. Alipokea mara moja.

"Breki ilikamata?"

"Ilikamata. Nyachuol, mama ameona. Amefunguliwa jicho sasa hivi, ameona."

Nikaanza kumshukuru kwa maneno mengi, nina maneno mengi mimi, nikamwambia Mungu ampe mama yake maisha marefu, ambayo ndiyo dua ya haraka inayomjia mtu kinywani.

"Mama yangu anaona vizuri, ustaz," akasema. "Ni mimi ndio siko mbele yake."

Mama yake alibaki kijijini, ng'ambo ya Nasir, Sudan Kusini. Simu haifiki huko. Miaka kumi na mmoja hajamwona wala hajasikia sauti yake. Ujumbe huenda kwa mdomo wa wasafiri, mtu akimwambia mtu, na mara ya mwisho aliyeupeleka alirudi akasema alimkuta mama huyo anauliza jambo moja tu, kama kuna yeyote aliyemwona Nyachuol kwa macho yake mwenyewe. Mambo ya kusikia ameyachoka. Aliniambia hayo kwa sauti ya kawaida, kama aliyokuwa akinieleza paipu ya breki.

Nabei alikuwa amenifuata mlangoni, amesikia. Akaninyang'anya simu, akaibadilisha iwe ya video, akaingia nayo ndani, akamweleza mama yake kwa Kiturkana huyo ni nani na mama yake huko kwao anauliza nini. Bibi alikichukua kile kioo kwa mikono yote miwili, akakisogeza, akakirudisha nyuma, mpaka jicho lake jipya likampata. Nyachuol alikuwa chini ya turubai lake, ana grisi shavuni, anajaribu kutabasamu. Bibi alimwangalia hivyo kwa muda mrefu.

"Mwambieni," bibi akasema mwishoni, "mtu yeyote akienda kwao, amwambie mama yake hivi. Mimi nimemwona mtoto wake. Sikusikia, nimemwona, kwa jicho langu, leo asubuhi. Ni mzima."

Nabei akatafsiri. Nyachuol aliweka spana chini, akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Mwambie arudie," akasema.

Bibi akarudia. Nabei alianza kutafsiri, sauti ikamkatikia njiani, nikamalizia mimi.